Mbwa wa Msasi Mkali: Nasaba ya Mnyama na Wajibu wa Mwenyewe

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, hazipatani. Moja yasema: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine yasema: Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Ya kwanza yatufundisha kwamba kiumbe huzaliwa na sumu ya wazazi wake, wala malezi hayawezi kuiondoa. Ya pili yashika njia nyingine kabisa. Haisemi kwamba mbwa amekuwa mkali kwa sababu mamaye alikuwa mkali. Yasema kwamba amekuwa mkali kwa sababu msasi wake ni mkali. Ukali umetoka moyoni mwa mtu ukaingia katika meno ya mnyama.

Katika insha hii twakusudia kuzipima methali hizo mbili kwa mizani ya historia. Swali lenyewe limekwisha kufika mahakamani na bungeni katika nchi nyingi: je, ziko aina za mbwa ambazo ni hatari kwa asili yake, ama hatari hutoka kwa mwenye mbwa? Huenda msomaji akauliza swali la mbwa lahusu nini utamaduni wa taifa. Sisi twaona kwamba utamaduni si ngoma na mavazi peke yake. Ni pamoja na jinsi watu wanavyoishi na wanyama wao, na jinsi wanavyogawa lawama pale mnyama wa mmoja anapomdhuru mtoto wa mwingine. Jamii ikikosea katika kugawa lawama hiyo, itamwua mbwa na kumwacha mkosaji aende kutafuta mbwa mwingine.

Yafaa kwanza tueleze maana ya aina, au nasaba, ya mbwa. Mbwa wote wanaofugwa duniani, wakubwa kwa wadogo, ni uzao wa mbwa mwitu wa kale wa nchi za kaskazini, ambaye si yule mbwa mwitu mwenye madoa wa mbuga zetu. Binadamu amekaa na mbwa kwa muda usiopungua miaka 14,000. Katika karibu muda wote huo watu walimchagua mbwa kwa kazi yake. Aliyekimbia sana alipelekwa kuwinda, aliyebweka vizuri alilinda boma, na mwenye subira alifuata mifugo. Kuandika nasaba ya mbwa daftarini na kumzuia asizae na mbwa wa nasaba nyingine ni jambo la juzi tu. Maonyesho ya kwanza ya mashindano ya mbwa nchini Uingereza yalifanyika katika mji wa Newcastle mwaka 1859, na chama cha Kennel Club, chenye kutunza madaftari ya nasaba, kiliundwa London mwaka 1873. Kwa hiyo nyingi kati ya aina tunazozisikia leo hazijatimiza hata miaka 200. Zimetengenezwa na watu, kwa makusudi ya watu, na kila moja ina historia yake.

Hapa inatupasa tukubali ukweli mmoja, kwani mwenye kutafuta haki hafichi ushahidi wa upande wa pili. Kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi huleta matokeo. Ndiyo maana mbwa wa kuchunga huwazunguka kondoo hata kabla hajafundishwa sana, na mbwa wa kunusa huifuata harufu mpaka mwisho wake. Uingereza ya zamani palikuwa na mchezo wa kumfunga fahali kwenye nguzo na kumwachia mbwa amng'ate puani, huku watazamaji wakicheza kamari. Mbwa aliyetakiwa katika mchezo huo alikuwa mfupi, mzito, mwenye taya pana, asiyeachia alichokishika. Mwaka 1835 Bunge liliupiga marufuku mchezo huo. Wacheza kamari wakahamia katika mashimo ya kupiganisha mbwa kwa mbwa, wakachanganya mbwa wale wazito na wengine wadogo wepesi. Uzao wao ulivuka bahari hadi Marekani, na huko ndiko aina iitwayo Pit Bull ilikoanza kuandikishwa mwaka 1898. Jina lenyewe limetokana na lile shimo la mapigano. Basi hatuwezi kusema kwamba mbwa wote ni sawa. Taya pana ni taya pana, na mbwa wa kilo 50 akikosea hakosei kama mbwa wa kilo 5.

Lakini kuwa na nguvu za kudhuru ni jambo moja, na kutaka kudhuru ni jambo la pili. Ili tuone jinsi la pili linavyopatikana, tuitazame historia ya watu waliomhitaji mbwa mwenye kutisha, tukianza na mabwana wa watumwa.

Mwaka 1795 katika kisiwa cha Jamaika, kilichokuwa koloni la Waingereza, walizuka kupigana Wamaroni wa Trelawny. Hawa walikuwa wazao wa Waafrika waliotoroka utumwa na kujijengea vijiji vyao milimani. Majeshi ya serikali yaliposhindwa kuwafuata katika mabonde na mapango yao, wakoloni walituma mjumbe hadi Kuba, kisiwa cha Wahispania, kuleta mbwa wenye sifa ya kuwawinda watumwa watoro. Walikuja mbwa wapatao 100 pamoja na wasimamizi wao kama 40. Mbwa hao hawakuhitaji hata kuachiliwa vitani. Habari zao peke yake zilitosha kuwatia watu hofu, na Wamaroni wengi wakaweka silaha chini kwa masharti ya amani. Masharti hayo yalivunjwa. Mwaka 1796 walipakiwa merikebuni na kuhamishwa hadi Nova Scotia, katika baridi ya Kanada, na mwaka 1800 wakapelekwa Sierra Leone, katika bara la mababu zao.

Twapenda msomaji azingatie walivyokuja mbwa wale. Hawakuja peke yao. Kila kundi la mbwa lilikuja na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwashika, kuwalisha na kuwaelekeza. Kama ukali ungekuwa katika damu tu, Waingereza wangenunua mbwa na kuwaacha watu wao Kuba. Walijua kwamba wananunua kazi ya mwalimu pamoja na mwanafunzi wake.

Jambo hilo lilionekana wazi zaidi huko Haiti, iliyokuwa wakati huo koloni la Wafaransa likiitwa Saint-Domingue. Mwaka 1803 Jenerali Rochambeau, aliyekuwa akipigana na Waafrika walioukataa utumwa, naye aliagiza mbwa kutoka Kuba. Wanahistoria wameandika kwamba mbwa hao walipofika katika mji wa Cap-Français uliandaliwa uwanja, wakaalikwa mabwana na mabibi kutazama, na mtu mweusi mmoja akafungwa kwenye nguzo katikati. Mbwa walikuwa wameshindishwa njaa. Walipoachiliwa wakasita. Walimzunguka yule mtu wakanusa, wasimguse. Ndipo afisa mmoja wa Kifaransa aliposhuka uwanjani, akampasua tumbo yule aliyefungwa, na kuwavuta mbwa kwenye damu.

Hatuna haja ya kueleza yaliyofuata. Kisa hiki chatosha kutufundisha kwamba hata mbwa wa nasaba iliyosifiwa kwa ukatili, mwenye njaa, aliyeletwa kwa gharama kubwa kwa ajili ya kazi hiyo moja, alisita mbele ya binadamu mwenziwe wa siku zote. Asiyesita alikuwa mwenye upanga. Mwezi Novemba wa mwaka huo huo Wafaransa walishindwa huko Vertières, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru wake.

Sasa tuje katika karne ya 20, tuangalie aina moja tu, ile iitwayo German Shepherd, yaani mbwa mchungaji wa Kijerumani. Aina hii ilianzishwa rasmi mwaka 1899 na afisa wa jeshi aitwaye Max von Stephanitz, aliyetaka kuwahifadhi mbwa wa kuchunga kondoo wa nchi yake. Baada ya vita kuu ya kwanza jina la Ujerumani lilichukiwa sana, hata Waingereza wakamwita mbwa huyu Alsatian ili wasilitaje. Mwaka 1929 Australia iliwapiga marufuku mbwa hawa wasiingizwe nchini, kwa hofu kwamba wangechanganyika na mbwa mwitu wa huko na kuangamiza kondoo. Katazo hilo likadumu hadi miaka ya 1970. Yaani mbwa aliyezalishwa awalinde kondoo alishtakiwa kuwa adui wa kondoo.

Katika miaka hiyo hiyo mbwa wa aina hiyo hiyo alikuwa akifanya kazi nyingine kabisa. Mwaka 1916 huko Oldenburg, Ujerumani, ilifunguliwa shule ya kuwafundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Mwaka 1928 kijana kipofu wa Kimarekani, Morris Frank, alirudi kwao kutoka Uswisi akiongozwa na mbwa aliyeitwa Buddy, akavuka naye barabara za New York zilizojaa magari. Mwaka 1931 Uingereza nayo ilianza kazi hiyo kwa mbwa wanne. Wote hao walikuwa wa aina ya German Shepherd. Kipofu alimkabidhi mbwa huyo uhai wake kila alipoinua mguu.

Halafu tufike mwezi Mei mwaka 1963, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, Marekani. Vijana weusi, wengi wao wanafunzi wa shule, waliandamana kwa amani kudai haki sawa. Mkuu wa usalama wa mji, Eugene Connor, aliwaamuru polisi wawaelekezee mipira ya maji ya zimamoto na kuwaachia mbwa. Picha ya mbwa wa polisi akimrukia kijana tumboni ilienea katika magazeti ya dunia nzima, na kuwasaidia wengi kuielewa hali ya Wamarekani weusi kuliko hotuba nyingi. Mbwa wa Birmingham walikuwa wa aina moja na mbwa wa vipofu. Nasaba ni moja, daftari ni moja, taya ni zile zile. Kilichotofautiana ni mkono ulioshika kamba.

Karibu nasi zaidi ni habari ya Afrika Kusini. Chini ya utawala wa makaburu, mbwa wa polisi alikuwa mmoja wa wale waliomkuta Mwafrika barabarani, kwenye migomo na katika misako ya usiku. Utawala huo ulikoma mwaka 1994, lakini mazoea ya mikono hayakukoma siku moja. Mwezi Januari 1998, mashariki mwa Johannesburg, polisi sita weupe wa kikosi cha mbwa waliwachukua watu watatu kutoka Msumbiji waliokuwa wahamiaji, wakawaachia mbwa wawaume, na wenyewe wakawa wanawapiga na kuwatukana. Jambo hilo walilifanya kama zoezi la kuwafundisha mbwa, na wakalipiga picha za video. Picha hizo zilionyeshwa katika televisheni ya nchi hiyo mwezi Novemba 2000, na taifa zima likashtuka. Mwaka 2001 wanne kati ya polisi hao walikiri makosa yao mahakamani, wakahukumiwa vifungo vya miaka minne hadi mitano.

Hakuna ushahidi ulio dhahiri kuliko huu. Mtu asiulize kama mbwa wale walizaliwa wakali, kwa maana tumewaona walimu wao wakiwafundisha, na tumemwona aliyetumiwa kuwa somo. Mbwa hazaliwi akijua rangi ya ngozi wala mpaka wa nchi. Akionekana kuvijua, yuko mtu aliyemfundisha.

Baada ya kuyatazama matendo hayo, tuzitazame sasa sheria, maana ndipo hoja ya nasaba ilipopata nguvu. Mwezi Mei 1991 msichana wa miaka 6 aliumwa vibaya na mbwa wa aina ya Pit Bull katika mji wa Bradford, Uingereza. Hasira za wananchi zilikuwa kubwa, na haki yao. Kabla ya mwezi Agosti kwisha, sheria mpya ilikuwa imekwisha kuanza kazi. Ilizitaja aina nne: Pit Bull Terrier, Tosa wa Kijapani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Mbwa wa aina hizo hakuruhusiwa kuzalishwa wala kuuzwa, na aliyekuwa naye tayari aliruhusiwa kumweka kwa masharti magumu tu. Sheria hiyo ilipimwa kwa umbo: mbwa akifanana na Pit Bull, alihesabiwa kuwa Pit Bull, hata kama hajapata kumwuma mtu. Mwaka 1997 ilibidi irekebishwe ili hakimu apate uhuru wa kumwachilia mbwa asiye na hatari.

Je, sheria iliimaliza hatari? Katika miaka ya 1990 na iliyofuata, wafugaji wa Marekani walitengeneza mbwa mpya, mkubwa zaidi na mwenye misuli zaidi, aitwaye XL Bully. Hakuwamo katika orodha ya 1991 kwa kuwa hakuwapo. Alipoingia Uingereza alinunuliwa sana, na watu wakauawa. Mwezi Septemba 2023 serikali ilitangaza kwamba naye atapigwa marufuku, na tangu tarehe 1 Februari 2024 ikawa kosa katika England na Wales kuwa naye bila kibali. Vibali zaidi ya 50,000 vilitolewa. Kwa hiyo orodha ya mbwa wanne ikawa ya watano, na mtu mwenye kutaka mbwa wa kutishia jirani zake bado anaweza kutafuta wa sita.

Nchi nyingine zilipita njia hiyo zikarudi. Uholanzi iliwapiga marufuku Pit Bull mwaka 1993, na mwaka 2008 serikali yake ikaamua kuiondoa sheria hiyo kwa kuwa watu walioumwa na mbwa hawakupungua. Italia ilikuwa na orodha ndefu ya aina zilizohesabiwa kuwa hatari. Mwaka 2009 iliifuta, na badala yake ikaweka wajibu juu ya mwenye mbwa, awe mbwa wa aina yoyote. Wanasayansi nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani juu ya tabia za mbwa zaidi ya 18,000. Ulionyesha kwamba aina ya mbwa yaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Na juu ya wepesi wa mbwa kuchokozeka, aina yake haikumweleza mtu karibu lolote.

Hata hivyo haifai tuwadharau wanaozitetea sheria za aina. Mwezi Novemba 2022, baada ya mtoto wa miaka 8 kuuawa na Pit Bull huko Bloemfontein, Afrika Kusini, watu zaidi ya 100,000 walitia saini ombi la kutaka mbwa hao wapigwe marufuku. Baadhi ya wenye mbwa waliwapeleka wenyewe katika vyama vya kutunza wanyama, maana waliogopa. Hoja yao ni nzito. Wanasema: mtamwambia nini mama wa mtoto? Kwamba tungoje kwanza mwenye mbwa aonyeshe uzembe wake, ndipo tumshtaki? Sheria njema huzuia msiba kabla haujafika, kama vile mtu asivyoruhusiwa kuweka baruti nyumbani ati kwa sababu yeye ni mwangalifu.

Nasi twakubali kwamba kuzuia ni bora kuliko kulia. Bali mfano wa baruti waonyesha pia udhaifu wa hoja. Baruti ni ile ile katika kila nyumba, mbwa siyo. Mbwa aliyelelewa na watoto, akafundishwa kutii, akashibishwa na kufungwa pale panapohitajika, si mbwa yule aliyefungiwa katika kizimba cha giza, akapigwa, akashindishwa njaa, akatiwa uchungu ili awe mlinzi. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Basi kazi ya kuzuia na ianzie mapema: kwa mwenye kununua kabla hajanunua, kwa mwenye kuzalisha kabla hajauza, na kwa ua kabla mbwa hajaruka. Na pale ambapo mbwa ni mkubwa na ana nguvu, hapo mzigo wa mwenyewe na uongezwe. Ukubwa wa taya haumpunguzii mwenye mbwa lawama. Wamwongezea, kwa sababu aliuona tangu siku ya kwanza.

Tukirudi kwetu, twaona kwamba urithi wetu uliijua hekima hii zamani. Msasi aliyekwenda porini na mbwa wake alijua kila mmoja kwa jina na kwa tabia. Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi huwinda na mbwa, na wafugaji na wakulima wengi huwaweka walinde boma na kuwafukuza nyani na nguruwe mwitu mashambani. Mbwa asiyefundishika hakufaa kitu. Katika mwambao na miji ya Waislamu, ambako mbwa hahesabiwi kuwa safi, sheria ya dini iliweka mpaka wa namna yake: iliruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda na wa kuchunga, na Kurani katika Sura ya Maida inaruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa. Sheria hiyo haikuuliza nasaba ya mbwa. Iliuliza amefundishwa au hakufundishwa, na yuko kwa kazi gani.

Leo katika miji yetu ya Afrika Mashariki pana malango mengi yenye kibao kisemacho "Mbwa kali". Walimu wa Kiswahili wamekwisha kulisahihisha kosa hilo mara nyingi: mbwa ni kiumbe mwenye uhai, basi ni mbwa mkali, na wakiwa wengi ni mbwa wakali. Lakini kosa kubwa la kibao si la sarufi. Kibao hicho chawaambia wapita njia wajihadhari, na hakimwambii mwenye nyumba kitu. Ni kama kwamba akiisha kukitundika wajibu wake umekwisha, na mtoto asiyejua kusoma akiumwa, kosa ni la mtoto. Lango bovu, ukuta mfupi, mnyororo uliokatika na mbwa aliyeshinda na njaa, hayo kibao hakiyasemi.

Tena iko hatari iliyo kubwa kuliko zote tulizozitaja, nayo haina aina. Ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, zaidi ya 95 katika kila 100 wakiwa wa Afrika na Asia. Katika visa 99 kati ya 100 mtu huambukizwa na mbwa, na watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wasiozidi miaka 15. Dalili zikiisha kuonekana, ni vigumu mno mtu kupona. Anayewaua hawa si Tosa wala Dogo Argentino. Ni mbwa wa kawaida wa kijijini na mtaani, yule tumwitaye mbwa koko, ambaye mara nyingi anaye mwenyewe lakini hakupata chanjo. Na dawa yake yajulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa huko Paris. Jeraha likioshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, na aliyeumwa akapata chanjo bila kuchelewa, huokoka. Na mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, mnyororo wa ugonjwa hukatika. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo ziliuzima ugonjwa huo. Mwaka 2016 ukarudi ukiletwa kutoka nje ya kisiwa, nao ukazimwa tena kwa chanjo.

Hapa ndipo mjadala wa nasaba unapotupotosha sisi zaidi kuliko wengine. Tukishughulika kuuliza ni aina gani ya mbwa wa kigeni tuiogope, tutamsahau mbwa wetu wenyewe aliyelala mlangoni, tusiyempeleka kuchanjwa siku mtaalamu wa mifugo anapofika kijijini.

Basi turudi kwenye methali zetu. Je, tuitupe ile ya nyoka? La, kwani yatukumbusha kwamba kiumbe ana asili yake, na mwenye kumfuga asijifanye haijui. Lakini nyoka hakuomba kufugwa, wala hana bwana wa kumlaumu. Mbwa anaye. Kila mbwa aliyetajwa katika historia hii, wa Kuba, wa Birmingham, wa Johannesburg, alikuwa na mtu nyuma yake. Na kila alipohukumiwa mbwa peke yake, mtu huyo aliondoka salama.

Twawasihi walimu wazijadili habari hizi pamoja na wanafunzi wao. Na waulizane: katika mtaa wetu, mbwa wangapi wamechanjwa mwaka huu? Ua zipi zina matundu? Ni nani anayemchokoza mbwa kwa mawe wakati wa kutoka shule, na ni nani anayemfunga mchana kutwa juani bila maji? Majibu ya maswali hayo yatawaonyesha mbwa mkali yuko wapi, na msasi wake ni nani.